Wasomi wa Dzaleka na Kazi za Kampuni Mjini Lilongwe

Katika makala haya nakusudia kueleza historia ya swali moja ambalo kwa kawaida halihesabiwi kuwa swali la historia hata kidogo. Kijana amemaliza chuo. Kampuni moja mjini imempa nafasi ya kuingia kazini kama mkurufunzi. Je, aikubali au aikatae? Katika miji yetu mingi swali hili hujibiwa nyumbani, baba na mama wakiwapo, kwa kupima mshahara, nauli, na matumaini ya kupanda cheo. Lakini kijana akiwa mkimbizi wa kambi ya Dzaleka, katika wilaya ya Dowa nchini Malawi, na kampuni ikiwa Lilongwe, kilomita zipatazo 40 kutoka hapo, wazazi hawana uwezo wa kulijibu. Sehemu kubwa ya jibu imo katika mkataba ambao Malawi ilijiunga nao kabla kijana huyo hajazaliwa, na katika sheria iliyotungwa wakati nchi ilipokuwa ikiwafikiria wakimbizi wengine kabisa.

Kabla ya kuendelea yafaa tuliangalie neno lenyewe. Kwa mtu ambaye kampuni humwajiri ili ajifunze kazi, Kiswahili kina maneno mawili yanayofaa. Mwanagenzi ni yule ajifunzaye kazi kwa kuifanya, aghalabu kazi ya mikono, chini ya fundi. Mkurufunzi ni neno la vyuoni. Walimu wengi wanaosoma kurasa hizi walipata kuitwa hivyo walipokuwa katika vyuo vya ualimu, na bila shaka wanakumbuka jinsi watu wa nje walivyolichanganya na mkufunzi, ambaye ndiye afundishaye. Mimi nimelichagua mkurufunzi, kwa sababu kazi yenyewe iko kati na kati: si masomo tena, wala si ajira kamili. Mtu huzungushwa kutoka idara hii hadi ile kwa mwaka mmoja au miwili, hulipwa mshahara mdogo au posho, na mwishoni huthibitishwa au huagwa. Kampuni nyingine humtaka atie sahihi kwamba hataondoka kabla ya muda fulani kupita. Liko na neno la tatu, kibarua, ambalo kwa asili ni barua ndogo tu. Lilianza kuwa karatasi aliyopewa mfanyakazi wa kutwa, kisha likawa jina la kazi, na hatimaye likawa jina la mtu mwenyewe. Naomba msomaji aiweke akilini safari hiyo ya neno kibarua, maana katika habari hii yote karatasi na mtu haviachani.

Kiswahili si mgeni nchini Malawi. Katika miaka ya 1840 Salim bin Abdallah, mfanyabiashara aliyetoka pande za Unguja, alifanya makao Nkhotakota, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, akawa wa kwanza katika ukoo wa watawala walioitwa Jumbe. Kwa miaka hamsini hivi Nkhotakota ilikuwa mji wa Kiislamu na wa Kiswahili, wenye majahazi yaliyovuka ziwa. Mwaka 1889 Jumbe wa wakati huo alifanya mkataba na Mwingereza Harry Johnston. Huko kaskazini, Karonga, mfanyabiashara mwingine wa pwani, Mlozi, alipigana na Waingereza akanyongwa mwaka 1895. Kiswahili cha siku hizo kilikuja na watu wenye bunduki na bidhaa, ambao hawakuomba kibali cha kazi kwa yeyote. Biashara yao kubwa ilikuwa pembe na watumwa, na sisi tunaoipenda lugha hii hatuna sababu ya kulificha jambo hilo. Kiswahili kilipofika Malawi mara ya pili, mwishoni mwa karne ya 20, kilikuja na watu waliobeba magodoro na watoto.

Kati ya majio hayo mawili palizaliwa jambo linalotuhusu hapa, yaani kijana aliyesoma na kampuni imtakayo. African Lakes Company iliundwa Glasgow mwaka 1878 ili kufuatana na wamisionari wa Kiskochi waliokwisha kufika ziwani. Wenyeji waliiita Mandala, na inasimuliwa kwamba jina hilo lilitokana na kumetameta kwa miwani ya mmoja wa mameneja wake. Kampuni ilihitaji watu wa kuandika vitabu vya hesabu na kupima mizigo. Misheni, kwa upande wake, ilihitaji walimu na wahubiri. Shule ilikuwa moja, nayo ni Overtoun, iliyoanzishwa na Robert Laws huko Khondowe mwaka 1894. Hapo vijana walifundishwa ualimu na dini, na pia useremala, uashi, uchapaji, kazi ya telegrafu na utunzaji wa hesabu. Wamisionari walikusudia kujenga jamii ya Kikristo kando ya ziwa. Wanafunzi walipokwisha kuhitimu, wengi wao walitazama mshahara wa mwalimu wa misheni, wakautazama na ule wa karani wa mgodi, kisha wakafunga mizigo.

Mashuhuri kuliko wote ni Clements Kadalie. Alizaliwa yapata mwaka 1896 katika nchi ya Watonga, pande za Nkhata Bay, akasoma Overtoun, akatoka na sifa za ualimu, akafundisha kwa muda mfupi. Mwaka 1915 aliondoka. Alipita Msumbiji, akafika Rhodesia ya Kusini, akawa karani migodini na maofisini, na mwaka 1918 alikuwa Cape Town. Januari 1919 alianzisha huko chama cha wafanyakazi kilichojulikana kwa herufi zake, ICU, ambacho katika miaka ya 1920 kilikuwa chama kikubwa kuliko vyote vya wafanyakazi Waafrika kusini mwa bara hili. Kwa kawaida historia humkumbuka kwa migomo na hotuba. Mimi namkumbuka kwa jambo dogo: mwaka 1920 serikali ya Afrika Kusini ilimwamuru aondoke nchini kwa hoja kwamba alikuwa mgeni. Amri hiyo baadaye iliondolewa. Hata hivyo yatuonyesha kwamba msomi wa Nyasaland aliyeacha ualimu akafuata kazi ya ofisini aliweza kufika mbali sana, na bado siku yoyote angeweza kuulizwa karatasi zake.

Wengine hawakwenda kusini bali magharibi, mpaka Elisabethville katika Katanga, mji tuuitao leo Lubumbashi. Union Minière, kampuni ya shaba iliyoundwa mwaka 1906, ilitegemea sana watu na njia za kutoka makoloni ya Waingereza katika miaka yake ya kwanza, na makarani wajuao Kiingereza kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini walionekana mjini humo. Wabelgiji hawakupendezwa na hali hiyo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia walizidi kuleta wafanyakazi kutoka ndani ya Kongo na kutoka Ruanda-Urundi, na Kiswahili kikashika nafasi ya lugha ya kazi migodini. Johannes Fabian ameieleza historia hii kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na utawala wa kikoloni katika Kongo, nami nawasihi walimu wenzangu wakitafute. Kwetu sisi ambao tumezoea kusema kwamba Kiswahili kilienezwa na misafara, na dini, na shule, ni vizuri kukumbuka kwamba mahali pengine kilienezwa na kampuni, kwa faida ya kampuni.

Basi mambo yamegeuka. Zamani msomi wa Nyasaland alikwenda Kongo kutafuta meza ya karani. Leo msomi aliyetoka Kongo, au aliyezaliwa na wazazi waliotoka Kongo, yuko Malawi akiitazama meza hiyo hiyo, ila kati yake na meza kuna lango.

Dzaleka ni jina la Kichewa, na katika Kichewa kuleka ni kuacha. Watu hulieleza jina hilo kwamba ni ahadi ya mfungwa: nitaacha, sitarudia tena. Katika miaka ya utawala wa Kamuzu Banda mahali hapo palikuwa gereza, na waliofungwa humo ni pamoja na wapinzani wa serikali. (Wenzetu wa Burundi hawahitaji kufasiriwa jina hilo, maana Kirundi nacho kina kureka. Hizi lugha zetu ni ndugu hata pale tusipopenda kukutana.) Mwaka 1994 Banda alishindwa katika uchaguzi, na mwaka huo huo Dzaleka ikafanywa kambi ya wakimbizi waliotoka Rwanda, Burundi na Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo. Ilikusudiwa kuwapokea watu 10,000 hivi. Katika miaka ya hivi karibuni wamepita 50,000, walio wengi wakiwa Wakongo, na Kiswahili ndicho lugha ya soko, ya kisima na ya mahubiri, kikisemwa kwa lafudhi ya Kivu, kikichanganyika na Kifaransa, Kirundi, Kinyarwanda, na sasa Kichewa.

Tufike kwenye sheria. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951 kuhusu wakimbizi mwezi Desemba 1987, na mwaka 1989 ikatunga sheria yake ya wakimbizi. Wakati huo wakimbizi waliokuwa wakiingia walikuwa Wamsumbiji waliokimbia vita vya Renamo, nao hatimaye walizidi milioni moja, takribani mkimbizi mmoja kwa kila wenyeji kumi. Ni nchi chache duniani zilizopokea kiasi hicho zikiwa na umaskini ule, na atakayeilaumu Malawi bila ya kulitaja hilo hatendi haki. Lakini ilipojiunga, Malawi iliweka masharti yake juu ya vifungu tisa vya mkataba. Viwili ndivyo vinavyomgusa kijana wetu. Kuhusu kifungu cha 17, kinachohusu kazi za mshahara, ilisema kwamba hailazimiki kumsamehe mkimbizi kibali cha kazi. Kuhusu kifungu cha 26, kinachohusu uhuru wa kutembea, ilijiwekea haki ya kuwapangia wakimbizi mahali pa kukaa na kuzuia mwendo wao pale ambapo usalama wa taifa au utulivu wa umma utahitaji.

Wamsumbiji wale walirudi kwao vita vilipokwisha, walio wengi kufikia katikati ya miaka ya 1990. Masharti hayakurudi nao. Yalibaki yakiwangojea watu wa Dzaleka, ambao hawakuwa wakulima waliovuka mpaka kusubiri amani ya mwaka mmoja au miwili. Wengi wao wameishi hapo miaka 20 na zaidi, wamezaa, wamejenga nyumba za matofali, wamefungua maduka. Kifungu cha 17 chenyewe kinasema kwamba vizuizi vya kulinda soko la kazi la wenyeji visimshike mkimbizi aliyekwisha kukaa nchini miaka mitatu. Mtoto aliyezaliwa Dzaleka mwaka 1999 alitimiza miaka hiyo mitatu mwaka 2002, kabla hajajua kusoma. Kwa sharti la 1987, miaka yake hiyo haimpi haki hiyo.

Jambo ambalo waliotunga sheria hawakuliona ni kwamba chuo kingeweza kuingia kambini. Mwaka 2010, kwa juhudi za Wajesuti na shirika lao la kuwahudumia wakimbizi, masomo ya juu yalianza Dzaleka kwa njia ya kompyuta, na Chuo Kikuu cha Regis cha Denver, Marekani, kikatoa stashahada kwa waliofuzu. Kambi ya Kakuma nchini Kenya ilianza pamoja nayo. Wahitimu wa kwanza walipokea vyeti vyao mwaka 2013. Baadaye vilikuja vyuo vingine vya kusomesha kwa mbali, na nafasi chache za kwenda Kanada kwa udhamini wa wanafunzi wenzao wa huko. Kwa hiyo palitokea kundi la watu wa namna mpya: wana shahada ya Marekani katika uongozi wa biashara au mawasiliano, Kiingereza chao ni safi, Kifaransa na Kiswahili wanavyo, na hawana ruhusa ya kulala Lilongwe.

Sasa tumfikirie mmoja wao. Sitampa jina, kwa kuwa ni mtu wa mfano tu. Tuseme ni binti, wazazi wake walitoka Uvira, yeye mwenyewe alizaliwa kambini. Ana shahada. Kampuni moja ya Lilongwe imemwandikia barua ya kumpa nafasi ya ukurufunzi katika idara ya hesabu kwa miezi 18. Baba ameisoma barua mara mbili akairudisha katika bahasha yake. Mama ameuliza mshahara ni kwacha ngapi, kisha akauliza bei ya chumba Lilongwe.

Hesabu ya mama si ndogo. Mshahara wa mkurufunzi popote duniani hutazamiwa kusaidiwa na nyumba ya wazazi: kijana hulala kwao, hula kwao, akangoja kupanda. Nyumba ya wazazi wa binti huyu iko Dowa. Akisafiri kila siku kwa basi dogo, asubuhi na jioni, nauli itaumega mshahara. Na tangu thamani ya kwacha ilipopunguzwa kwa asilimia 44 mwezi Novemba 2023, nauli haikubaki pale ilipokuwa. Akipanga chumba mjini, basi yuko nje ya kambi bila ruhusa. Tena jina lake limo katika orodha ya kaya, ile inayofuatwa katika kugawa posho ya chakula, na jalada la familia huenda liko kwenye foleni ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Familia iliyongoja miaka 15 huogopa kumkosa mtoto mmoja siku ya kuitwa. Mimi siwezi kumcheka mama kwa kuogopa hivyo.

Lakini ugumu mkubwa uko kwenye kibali, nao ni wa aina ambayo naona haujapata kuelezwa vya kutosha. Kibali cha kazi cha mgeni, Malawi kama kwingineko, huombwa kwa hoja kwamba mgeni ana ujuzi usiopatikana kwa wenyeji. Hoja hiyo yaweza kumfaa daktari au muuguzi. Mkurufunzi je? Yeye kwa maana ya jina lake ni mtu asiye na uzoefu, anayechukuliwa ili aupate. Kampuni itaiambia nini serikali? Kwamba imemtafuta Mmalawi asiyejua kazi ikamkosa? Wahitimu Wamalawi wasio na kazi wako wengi, na malalamiko yao si ya uongo. Kwa hiyo mlango wa kibali uko wazi kidogo kwa aliye juu ya ngazi, umefungwa kwa aliye chini yake, ilhali hakuna ajuaye namna ya kufika juu bila ya kupita chini.

Wako wasemao, basi na afanye kimya kimya, kama walivyofanya maelfu. Ni kweli kwamba kwa miaka mingi wakimbizi walifungua maduka katika mitaa ya Lilongwe na kwingineko, na wakuu mara nyingi waliwaacha. Ila mwuza duka na mkurufunzi hawafanani. Mwuza duka aweza kuweka fedha ndani ya debe. Mkurufunzi wa kampuni hulipwa benki, hukatwa kodi, huandikwa katika akiba ya uzeeni, huvaa kitambulisho shingoni. Kadiri kazi inavyokuwa ya heshima ndivyo inavyodai karatasi nyingi zaidi. Zamani Kenya, baada ya Vita vya Kwanza, mfanyakazi Mwafrika alilazimishwa kuvaa kipande shingoni katika kikopo cha chuma, naye alikichukia. Binti wa Dzaleka angefurahi kuvaa chake, na hapewi.

Hata debe la mwuza duka halikumlinda. Mwezi Machi 2023 serikali iliamuru wakimbizi wote waishio nje wawe wamerudi Dzaleka ifikapo tarehe 15 Aprili. Mwezi Mei polisi walianza kuwakamata mjini Lilongwe. Maduka yalifungwa, mali nyingine ikaporwa, na mamia ya watu, watoto wakiwamo, walipitishwa katika gereza la Maula kabla ya kupelekwa kambini. Agizo la namna hiyo lilikuwa limetolewa pia mwaka 2021, likazuiliwa kwa muda mahakamani. Mtu aliyeiona Mei 2023 akiwa na miaka 24, ameketi na barua ya kazi mapajani, hahitaji kuelezwa hatari ni nini. Naye aliyekataa barua ya namna hiyo mwaka 2022, akasikitika, huenda mwaka 2023 alijiona mwenye hekima. Bado alikuwa amekosa kazi.

Iko njia ya kubaki. Shule za kambini hazina walimu wa kutosha, na mkimbizi aliyesoma huweza kufundisha humo kwa posho. Posho si mshahara, wala haimfikishi mtu popote katika ngazi ya kazi, ila huja bila ya kuvuka lango. Wengine hufanya kazi za kampuni za mbali kwa intaneti, wakiwa kambini: kutafsiri, kupanga takwimu, kutengeneza programu. Kwa njia hii mwili hubaki Dowa, kazi ikasafiri. Ni werevu, na nimesikia watu wakiisifu mno kana kwamba imemaliza tatizo. Umeme ukikatika, kazi hukatika. Na kampuni ya ng'ambo isiyomjua mtu kwa uso humwacha kwa barua moja. Isitoshe, ukurufunzi ni zaidi ya kazi ya mezani. Ni kumwona mkuu wa idara anavyomjibu mteja mwenye hasira, ni kula chakula cha mchana na watu ambao kesho watakuwa mameneja. Hayo hayapitiki katika waya.

Wazee wetu wa Tanzania watakumbuka tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewaachia asilimia 40 tu ya mshahara kwa miezi 18 baada ya mafunzo. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao karibu 400, na akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mabishano ya siku ile yalihusu deni: msomi ana deni gani kwa taifa lililomsomesha? Tumelifundisha somo hilo madarasani kwa miaka mingi. Nilipoanza kuisoma historia ya Dzaleka niliona kwamba somo letu lina pengo. Binti huyu amesomeshwa na chuo cha Marekani, kwa fedha za wahisani, juu ya ardhi ya Malawi, akiwa raia wa Kongo ambayo hajapata kuiona. Deni lake alilipe wapi? Akikubali kazi Lilongwe atakuwa anailipa Malawi, kwa kodi na kwa jasho, na ndiyo nchi pekee aijuayo. Nayo haijasema kwamba inalitaka.

Si lazima mambo yawe hivi. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2006, ilimpa mkimbizi haki ya kutafuta kazi na ya kutembea. Utekelezaji wake una kasoro, lakini mwajiri wa Kampala hana haja ya kuthibitisha kwamba mkurufunzi ni bingwa. Tanzania, ambayo nayo imekuwa kali kwa wakimbizi waliokuja baadaye, iliwapa uraia Warundi zaidi ya 160,000 wa kundi la mwaka 1972, watu wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Walingoja miaka 42.

Tunarudi kwenye lugha, maana hili ni jarida la walimu wa lugha. Mwaka 2019, Dar es Salaam, Jumuiya ya SADC ilikifanya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Mwezi Julai 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alizuru Malawi kwa sherehe za uhuru, na Rais Lazarus Chakwera, aliyekuwa madarakani wakati huo, akatangaza nia ya kuingiza Kiswahili katika shule za Malawi. Tulishangilia, na kushangilia kulikuwa haki yetu. Ila haikuwa imetimia miezi miwili tangu wasemaji wa Kiswahili walipopakiwa katika malori ya polisi katika mji ule ule lilipotolewa tangazo. Nadhani sikusoma gazeti hata moja lililoziweka habari hizo mbili katika ukurasa mmoja.

Malawi ikianza kweli kufundisha Kiswahili, itahitaji walimu. Vyama vyetu vitaombwa kupeleka wakufunzi kutoka Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi, nao wataruka kwa ndege mpaka uwanja wa Lumbadzi, ulio katika njia hiyo hiyo ya kaskazini itokayo Lilongwe kwenda Dowa. Binti tuliyemwacha na barua yake huenda akapata barua ya pili, safari hii ya kumwita awe mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari ya mjini, kwa ukurufunzi wa mwaka mmoja. Mwalimu mkuu atamwuliza anasema Kiswahili cha wapi, naye atajibu cha Uvira na cha Dzaleka. Kisha atamwomba alete kibali cha kazi.